Pua si kipima gesi: kwenu mnaoanza kazi kwenye dampo la taka za sumu

Juzi nimemwona kijana mwenye miezi miwili kazini akifunua shimo la majimaji ya taka, akainama, akavuta pumzi, kisha akawageukia wenzake: "Hakuna harufu, tushuke." Nilipiga ukelele hadi dereva wa buldoza akazima injini. Kijana alininunia mpaka jioni. Na anune, mradi yuko hai.

Wadogo zangu, nawapenda, lakini makosa haya nimeyaona mara nyingi mno.

1. Msinuse. Hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu aliyelilipia si mimi.

Nilikuwa msimamizi wa zamu. Pampu ilikwama, majimaji yakawa yanapanda. Mnajua yakirundikana juu ya mtandazo, lile tabaka lililotandikwa chini ya taka kuzuia majimaji yasivuje, yanaukandamiza, na penye tundu yanapenya hadi maji ya ardhini ambayo majirani wanakunywa. Haraka yangu ilikuwa na sababu. Tulipofunua shimo, harufu ya mayai viza ikatupiga usoni. Tukasubiri kando dakika chache. Niliposogea tena, sikusikia harufu yoyote. Nikasema gesi imepeperuka. Kipima gesi kilikuwa ndani ya gari, hatua chache tu kutoka pale, na sikukifuata.

Mwenzangu akashuka ngazi. Hakufika mbali, mikono ikamlegea kama mtu aliyepitiwa na usingizi, akaning'inia kwenye kamba. Mwingine akataka kumfuata bila kinga, nikamkamata mkanda kwa nguvu zangu zote, maana katika mashimo haya anayefuata kuokoa mara nyingi hufa pamoja na anayeokolewa. Tulimvuta yule wa kwanza kwa kamba. Alipona, lakini kumbukumbu yake haikurudi ilivyokuwa, na kazi hii hakuifanya tena. Nikienda kumwona bado ananiita kaka, na kila mara neno hilo linanichoma.

Harufu haikuwa imeondoka. Pua zetu ndizo zilizokuwa zimezimika. Hidrojeni salfaidi, ndiyo hiyo gesi ya mayai viza, hunuka hata ikiwa chini ya sehemu 1 kwa milioni, lakini ikifika karibu 100 hulemaza uwezo wa kunusa ndani ya dakika chache, na ikizidi hapo sana humwangusha mtu papo hapo. Tena ni nzito kuliko hewa: mdomoni mwa shimo kunaweza kuwa shwari, chini kumejaa. Kwa hiyo mrija wa kipimo utangulie, juu, katikati, chini, kabla ya mguu wa mtu yeyote.

2. Kisima cha uchunguzi, kile cha kupimia maji ya ardhini: toeni kwanza maji yaliyotuama, ndipo mchukue sampuli. Chupa za sampuli za kemikali zinazopaa, yaani zinazogeuka mvuke upesi, zijazwe pomoni, bila kiputo.

3. Soma karatasi za mzigo kabla lori halijamwaga. Asidi ikikutana na sianidi hutoa gesi inayoua.

4. Mgandamizo wa hewa ukishuka ghafla, rudieni kupima methani, gesi ya taka zinazooza, kwenye uzio na kwenye nyumba za jirani. Kuna kijana aliniambia hiyo ni kazi ya watu wa hali ya hewa. Nikamsimulia Loscoe, Uingereza, Machi 1986: mgandamizo ulishuka haraka, gesi ya dampo ikapenya ardhini hadi chini ya nyumba, nyumba ikalipuka na watu watatu wakajeruhiwa. Methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 hewani inangoja cheche tu. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayenikumbusha mimi.

5. Buti na ovaroli zibaki kazini. Mtoto anayekimbia kukukumbatia mlangoni hajavaa glavu.

Na wewe uliyenuna: kesho asubuhi tunafungua shimo lile lile. Utashika kipimo wewe, kamba nitashika mimi.