Kizibo Kimoja Hakina Bei Moja: Kwa Mnaoanza Poka ya Mashindano

Wadogo zangu mlioanza kuja kwenye meza yetu hapa Ujiji, mmeniuliza kwa nini mnatolewa mapema kila mara ilhali mnajua mpangilio wa karata kuliko baadhi yetu. Nimeona niandike, maana usiku wa mchezo hakuna anayesikiliza.

Kwanza kwa wasiotufahamu. Tunacheza mwezi ukiwa mpevu. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukijaa, taa haiwavuti vizuri, maboti yanapumzika Kibirizi, na nusu ya meza yetu ni wavuvi. Tunakaa wanane. Kila mtu anapewa vizibo vya soda vyenye thamani ya 100: chekundu ni 1, cha machungwa ni 5. Hatuchezei pesa. Kamari ya pesa ina sheria yake ya mwaka 2003 na Bodi yake ya kutoa leseni, na ukumbi wa nyumba ya mtu hauna leseni. Sisi tunaandikiana pointi kwenye daftari: wa kwanza 5, wa pili 3, wa tatu 2, wengine wanakwenda kulala. Mchezo ni Texas Hold'em, aina ya poka yenye karata mbili mkononi na tano za wote mezani.

Sasa, kosa lenu kubwa. Mnacheza shindano kama mnavyocheza lastikadi, kila mkono na habari yake, ukiisha umeisha. Kwenye shindano mikono imefungamana. Kizibo ulichonacho saa mbili usiku si kizibo kilekile saa nne, ingawa rangi haijabadilika.

Anzeni na blaindi. Hizo ni vizibo ambavyo watu wawili wanalazimika kuweka kabla ya kuona chochote. Tunaanza na 1 na 2, kisha kila dakika 20 tunapanda: 2 na 4, 3 na 6, 5 na 10. Mwanzoni mtu mwenye 100 ana blaindi kubwa (ile ya 2) 50, anaweza kukaa akasubiri, akapoteza mkono mmoja mbaya na bado akawa mtu. Tukifika 5 na 10, mwenye 100 ileile ana 10 tu. Hakufanya kosa lolote, hakupoteza hata kimoja, lakini amekuwa maskini kwa kukaa. Kwa hiyo msiniambie "nina vizibo mia." Niambieni mna blaindi ngapi.

Ukiwa na blaindi 30 au 50, cheza kwa utulivu. Tupa mikono mingi, yaani ziache karata zako bila kuweka vizibo, hasa ukiwa wa kwanza kuongea, yaani kuamua. Anayeongea mwisho ana faida isiyoonekana kwenye karata, kama mnunuzi pale mwaloni anayengoja wenzake wataje bei ya ndoo kabla hajafungua mdomo. A na 9 mkononi ni kitu ukiwa wa mwisho na wote wametupa. Ukiwa wa kwanza kati ya wanane, ni mtego.

Ukishuka chini ya blaindi 10, badilika kabisa. Acha kupandisha dau kidogo kidogo halafu ukatupa mwenzako akikubana, maana kila ukifanya hivyo unaacha robo ya mali yako mezani. Hapo kuna mambo mawili tu: weka vyote au tupa. Na uwe wewe unayeweka kwanza, si unayefuata kwa kuweka sawa na mwenzako. Anayeweka vyote kwanza ana njia mbili za kushinda, wote wakimbie au karata zake zishinde. Anayefuata ana moja. Wengi wenu mnangoja A mbili, ambazo kwa wastani huja mara moja katika mikono 221. Usiku wetu mzima hauna mikono 221. Mkingoja mpaka mbakiwe na blaindi mbili, mkaziweka kwa ujasiri, nani atakimbia? Vizibo viwili vitatu vya machungwa havimtishi mtu aliyezoea mawimbi ya Tanganyika.

Hesabu ya karata nayo ni ndogo kuliko mnavyodhani. Una jembe mbili mkononi, mezani zimefunguliwa tatu, mbili kati yake ni jembe. Unahitaji moja zaidi ili jembe ziwe tano, mkono wenye nguvu. Pakiti ina jembe 13, umeziona nne, zimebaki 9. Zidisha kwa 2 kwa kila karata inayokuja: karata moja ni kama asilimia 18, zote mbili ni kama 36. Hesabu kamili ni 19.1 na 35, kwa hiyo njia ya mkato inatosha. Kisha uliza bei. Mezani kuna 30, mwenzako anaweka 30 nyingine, nawe unatakiwa 30. Unalipa 30 ili mlundo wote uwe 90, yaani unahitaji kushinda theluthi moja ya mara zote. Ikiwa imebaki karata moja tu kufunguliwa, una chini ya moja kwa tano. Tupa. Ni uchungu kutupa jembe nne, najua.

Nisichopenda ni ushauri wa kusoma nyuso. Kijana anamkazia macho mvuvi wa miaka 50 akidhani atamwona akitetemeka! Soma vizibo vyake. Aliyekuwa anafuata tu usiku kucha, ghafla amepandisha mara tatu, hajapandisha kwa sababu ya uso.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Na bado miaka miwili nilitolewa wa nne, mara nyingine wa nne, mpaka wakaanza kuniita Wanne. Ndipo nikajifunza somo lililonisumbua kuliko yote, nalo naomba mlisome taratibu.

Usiku mmoja tulibaki wanne, kila mmoja na 200 sawasawa. Mmoja wetu angetoka bila kitu, watatu wangepata pointi. Mwenzangu akaweka vyote. Nikatazama mkononi: J mbili. Nikafuata bila kupumua. Akafunua A na K za kopa. Nilikuwa mbele, kama 54 kwa 46. K ikaja mezani, nikaenda kulala. Nikajifariji kwamba nilikuwa sahihi na bahati ilinikosa.

Baadaye nilikaa na kalamu. Pointi zote ni 10, watu wanne wenye vizibo sawa, kwa hiyo kila mmoja thamani yake ilikuwa 2.5. Nikishindwa napata 0. Nikishinda nabaki na 400 na wenzangu wawili wana 200 kila mmoja. Tukigawa nafasi kwa wingi wa vizibo, nafasi yangu ya kuwa wa kwanza inakuwa nusu, ya kuwa wa pili theluthi, ya kuwa wa tatu moja kwa sita. Zidisha kwa pointi: 2.5 na 1 na theluthi, jumla kama 3.83. Tazameni hapo. Vizibo vimekuwa maradufu, pointi hazikuwa maradufu. Nilihatarisha 2.5 ili nipate 1.33. Ili biashara hiyo ilipe, nilitakiwa kushinda zaidi ya mara 65 katika 100. Mimi nilikuwa na 54. Ukiongeza blaindi zilizokuwa mezani, kiwango kinashuka kidogo, lakini hakishuki mpaka 54.

Kwa hiyo nilikuwa mbele kwa karata na bado nimekosea. Hasa kwa sababu sikuwa najua ana A na K. Angeweza kuwa na Q mbili.

Na wageni msigeuze hili kuwa woga wa kudumu. Hesabu hiyo ni ya anayefuata. Kwa anayesukuma, yaani anayeweka vyote kwanza, mambo yanageuka, kwa kuwa wengine wanabeba mzigo huohuo wa 65 na mara nyingi watatupa. Mwenye vizibo vingi pale tukibaki wanne anapaswa kuwa msumbufu. Tukishabaki wawili uchumi huu wote unakufa, zimebaki pointi 2 za kugombania, chezeni kwa nguvu.

Simu je? Programu za poka ya bure zinafaa kujifunza mpangilio na mwendo, lakini wachezaji wake wanaweka vyote kila dakika kwa kuwa hawapotezi chochote. Ukikaa huko sana utaleta tabia hizo mezani, na bando limekwisha. Na mkisikia habari za Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani aliyeingia kwenye shindano kuu la Las Vegas mwaka 2003 kwa kupitia mchujo wa intaneti wa dola 86 akaondoka na dola milioni 2.5, kumbukeni walikuwa watu 839. Kuna mwenye chini ya miaka 18 anayetaka kutumia habari hiyo kuomba pesa nyumbani. Ninamwona.

Kinachowasaidia kweli ni daftari. Kila usiku andika mikono mitatu tu, ile iliyokuumiza kichwa: ulikuwa na blaindi ngapi, uliketi wapi, mwenzako alifanya nini kabla, uliamua nini. Acha nafasi ya kuandika kama uamuzi ulikuwa sahihi, na uijaze kesho yake asubuhi, ukiwa umekunywa chai. Ushindi na kushindwa usiviandike kabisa. Vitakudanganya.

Mwezi uliopita tulibaki wanne tena, vizibo karibu sawa. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa ametupa karibu kila mkono tangu magharibi, akaweka vyote. Nina A na Q. Nikahesabu, nikatupa. Akafunua 7 na 6, meza nzima ikacheka mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukuta. Asubuhi nikaandika: sahihi. Chini yake nikaongeza: huyu anasukuma hata 7 na 6.