Gari linalokufa Jumamosi tu: maneno kwa mafundi redio wapya

Jana jioni nilinusa plastiki inaungua kabla sijaona moshi. Mdogo wetu mmoja, huu mwezi wake wa pili hapa gereji, alikuwa kajilaza chini ya dashibodi ya Toyota Wish, miguu nje, simu kaibana kwa meno imulike. Redio ya Android ya inchi 9 kaifunga vizuri, fremu imekaa, skrini inawaka. Tatizo lake lilikuwa fyuzi ya ampia 10 iliyokatika mara mbili. Akaona fyuzi ndiyo mbovu, akachomeka ya 30. Ile ya kijani, jamani! Fyuzi ikakaza, ukaungua waya.

Nilimvuta kwa miguu kama pweza. Baadaye nikanywa chai, hasira zikashuka, nikakumbuka na mimi niliyoyafanya. Basi someni, wadogo zangu mlioko Mtwara, Masasi, Lindi na popote mnapofunga redio chini ya mwembe.

1. Kitu cha kwanza kushika ni spana namba 10. Toa kichwa cha hasi kwenye betri, kiviringishe kitambaa, ndipo ushike dashibodi.

2. Rangi zina wenyewe. Njano umeme wa kudumu, nyekundu ACC (umeme unaokuja ukigeuza ufunguo), nyeusi bodi (chuma cha gari, upande wa hasi): hilo mnaliimba hata usingizini. Lakini hizo ni rangi za redio, gari lina zake. Kwenye soketi za Toyota nyingi umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, ACC ni kijivu, bodi ni kahawia, na umeme wa taa ndogo ni kijani. Sasa tazama mtego: kwenye redio mpya kijivu ni spika ya mbele kulia, na kijani ni spika ya nyuma kushoto. Ukiunga rangi kwa rangi umeipelekea njia ya spika volti 12, na redio ya watu imekufa ikiwa bado ina nailoni kwenye skrini.

Na hapo nasema gari ambalo halijaguswa. Magari yetu yameshapita kwa mafundi watatu, wanne. Nimewahi kufungua Noah moja pale Mikindani nikakuta waya zote nyekundu, na mmoja ulikuwa waya wa pasi, ule wenye kitambaa kwa nje. Fundi aliyeuweka namjua, tunasalimiana vizuri tu. Kwa hiyo pima kwa mita. Testa ya balbu inawaka hata kwenye volti 9, nawe unajiona umepata umeme.

Redio ikisahau saa na stesheni kila ukizima gari, njano haipati umeme wa kudumu, au umeipishanisha na nyekundu. Redio isipozima hata ukitoa ufunguo, nyekundu nayo umeiweka kwenye umeme wa kudumu. Yote mawili nimeyaona wiki hii, kwa fundi mmoja.

3. Waya wa mwanga upande wa gari, ule unaoungwa na wa chungwa wa redio, ukiuacha mtupu ukagusa bodi, siku mteja akiwasha taa ndogo fyuzi ya TAIL inakatika, taa za nyuma na mwanga wa dashibodi vinazima pamoja. Atagundua usiku, na atakayemwambia ni trafiki. Kama huutumii, ufunge tepu peke yake.

4. Hapa ngoja nimeze mate.

Kulikuwa na mzee mmoja, mfanyabiashara wa samaki. Alikuwa na Noah aliyoitoa viti vya nyuma, anapakia alfajiri samaki na pweza kwenye barafu, anapandisha Masasi. Akaniletea redio na amplifaya, alitaka taarabu isikike mpaka kwa wateja. Nikafunga amplifaya chini ya kiti cha dereva, nikafunika kapeti, kazi ikawa safi kwa macho. Wakati namalizia, waya wa remoti, ule wa bluu na nyeupe unaoiamsha amplifaya, nikaugusisha kwenye bodi. Cheche moja ndogo tu. Njia ya remoti ndani ya redio ikafa.

Mzee yuko nje kakaa kwenye benchi anakula ming'oko, ananisubiri. Ningetoka nikasema, "Mzee, nimeunguza." Nilichofanya ni kuchubua waya wa njano, nikaunga remoti ya amplifaya pale pale kwenye umeme wa kudumu, nikazungusha tepu raundi nyingi kuliko ilivyohitajika. Taarabu ikalia. Mzee akafurahi, akanilipa na juu akaniachia changu wawili.

Jumamosi ya kwanza akanipigia saa kumi alfajiri. Gari haliwaki. Nikaenda nikalishtua kwa betri ya kuazima, likawaka. Jumapili likawaka lenyewe, Jumatatu likawaka, wiki nzima likawaka. Jumamosi iliyofuata, kimya. Nikamwambia kwa sauti ya daktari: "Mzee, betri imechoka." Akanunua mpya, NS60. Ile ya zamani nikaibeba mimi, nikasema nitamtupia.

Jumamosi ya tatu gari likafa na betri mpya. Nikasema alterneta. Ikafunguliwa, ikabadilishwa kaboni na beringi, akalipa. Jumamosi ya nne barafu ikayeyuka akiwa anasukumwa na vijana barabarani, na pweza, mnamjua pweza akikosa barafu. Hakugomba. Alisema tu, "Fundi, hili gari lina sabato?"

Swali lenyewe lilikuwa jibu, na mimi nikacheka! Ijumaa wavuvi wake walikuwa wanapumzika, na gari nalo linapumzika. Siku nyingine linatembea hadi Masasi na kurudi, alterneta inarudisha kilicholiwa usiku. Lakini kuanzia Alhamisi saa kumi na mbili jioni hadi Jumamosi saa kumi alfajiri ni saa 34. Amplifaya ile, nilikuja kuipima, ilikuwa inakula ampia 1.2 ikiwa kimya kabisa. Zidisha: karibu Ah (ampia kwa saa) 41. NS60 nzima ni Ah 45. Hapo stata itazunguka kwa nguvu gani?

Aliyeniumbua ni utingo wake, kijana aliyekuwa analala ndani ya gari kulinda mzigo. Ulikuwa mwezi wa saba, kusi inavuma, usiku baridi ya kweli. Nikamkuta kajikunja sakafuni, kichwa kakilaza karibu na kiti cha dereva. Nikamuuliza mbona hulali nyuma kwenye nafasi. Akasema, "Hapa pana joto, fundi. Tangu ufunge muziki hapa pana joto usiku kucha."

Nikaweka mkono kwenye kapeti. Niliuacha pale muda mrefu, kwa sababu nilikuwa sijui nitauonyesha wapi uso wangu.

Waya wa remoti nikauhamishia kwenye ACC, dakika tano, na mwisho wa Jumamosi ukawa huo. Kisha nikamwambia mzee yote, kuanzia ile cheche. Akasikiliza, akatema mbegu ya ubuyu, akauliza jambo moja: "Ile betri yangu ya kwanza iko wapi?"

Iko wapi! Ilikuwa nyumbani kwangu, inawasha balbu mbili na kuchaji simu za majirani. Nzima kabisa. Niliirudisha siku ile ile kwa bajaji, nyumba ikabaki giza, na pesa ya alterneta nikamlipa kidogo kidogo hadi korosho za msimu ule zikaisha kuuzwa. Mke wangu mpaka leo balbu ikizima anasema, "Mzee amekuja kuchukua betri yake."

Sasa kipimo ambacho kingeniokoa, na Android zenu hizi ndizo zinazokihitaji zaidi, maana nyingine hazilali hata ukizizima. Mita iweke kwenye ampia 10, itie kati ya nguzo ya hasi na waya wake. Ufunguo nje, milango imefungwa. Subiri dakika 20 au 30 kompyuta za gari zilale. Chini ya miliampia 50, mpe mtu gari lake. Ikizidi, nyofoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke, hapo umeipata njia inayovuja. Usiwashe gari mita ikiwa katikati. Nimeshanunua fyuzi za mita za kutosha kwa ajili yenu.

5. Bodi. Sisi tuko pwani, hewa ina chumvi, skrubu uliyoiona inang'aa Januari, Juni ina kutu. Kwangua rangi hadi chuma kionekane, kaza, paka grisi. Mlio unaopanda na kushuka na mafuta, wiii, wiii, mara nyingi ni bodi mbaya, au waya za sauti umezilaza pamoja na waya mkubwa wa umeme wa amplifaya. Pitisha moja kulia na nyingine kushoto.

6. Hasi ya spika haiendi bodi. Narudia kwa yule wa Mnazi Mmoja, anajijua.

7. Fuso na malori ya korosho ni volti 24. Weka kipunguza volti. Najua mnachofanya: mnachukua volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili, redio inalia, dereva anaondoka. Baada ya muda ile moja inakuwa na njaa daima na mwenzake anachajiwa kupita kiasi, zote zinakufa, na dereva anaambiwa betri za siku hizi feki.

8. Mteja akilalamika redio iliyokuja na gari kutoka Japani haishiki stesheni nyingi, usiifungue. Redio za kule nyingi zinaanzia FM 76 na kuishia 90, za kwetu zinakwenda hadi 108. Haijaharibika.

Wish ya jana nimeilaza na mita usiku. Asubuhi ilisoma miliampia 31, baada ya kubadilisha waya ulioungua na kukuta kilichokata fyuzi: skrubu ya fremu ilikuwa imeutoboa waya wa njano na kuubana kwenye chuma. Skrubu moja. Dogo, iko juu ya benchi langu pamoja na fyuzi yako ya kijani. Njoo uzichukue, na uje na sukari.