Maswali ya wasomaji: sabuni inayowasha, vikopo vya wakaanga samaki na mkopo wa vijana viziwi

SWALI: Ndugu wahariri, klabu ya ujasiriamali ya shule yetu hapa Pongwe, Tanga, hutengeneza sabuni ya kufulia. Mkupuo mmoja ni kilo 2 za mafuta ya nazi na gramu 348 za kostiki soda, tunapata vipande 25. Nazi ilipopanda bei tukaweka mawese nusu kwa nusu, na tangu hapo sabuni inawasha mikono. Kipande tunauza shilingi 1,000, mwenye duka anabaki na 200. Mafuta ya nazi tunanunua 8,000 kwa kilo, mawese 5,000, kostiki 5,000, karatasi ya kufungia 50 kwa kipande, nauli 2,000. Mtaji umekatika. Tumekosea wapi? — *Mwalimu wa sekondari*

JIBU: Mwalimu, hapo kuna makosa mawili, na yote mawili ni masomo mazuri kuliko sura nzima ya kitabu.

La kwanza ni la kipimo. Kila aina ya mafuta huungana na kiasi chake cha kostiki ili kuwa sabuni. Gramu 1,000 za mafuta ya nazi humaliza gramu 183 hivi. Za mawese humaliza 142 tu. Kwa hiyo kilo moja ya nazi na kilo moja ya mawese kwa pamoja humaliza gramu 325, nanyi mmeendelea kutia 348. Gramu 23 zilizobaki hazina mafuta ya kuungana nayo, ndizo zinazowasha. Mchanganyiko huo utieni gramu 309, yaani asilimia 5 pungufu, ili mafuta kidogo yabaki na ngozi ipone.

Sabuni iliyokwisha kutengenezwa msiiuze wala msiitupe. Ikwaruzeni, ongezeni kama gramu 225 za mafuta ya nazi na maji kidogo kwa kila mkupuo, yeyusheni kwa moto mdogo mkikoroga mpaka ishikane tena. Halafu iacheni wiki nne hadi sita mahali penye hewa, juu ya wavu au mbao, kabla ya kuipeleka sokoni.

Wanafunzi wapime kwa mizani ya dijitali, si kwa kikombe. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, maana huchemka ghafla na kurukia uso. Msitumie sufuria ya alumini: kostiki huila na kutoa gesi inayoshika moto. Ndoo ya plastiki ngumu inafaa. Miwani ya kinga na glavu ni lazima kwa kila anayekaribia, na tone likimgusa mtu ngozi, ni maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Siki isipakwe.

Kosa la pili ni la daftari. Hesabu ya nazi tupu ni hii: mafuta 16,000, kostiki 1,740, karatasi 1,250, nauli 2,000. Jumla 20,990, sawa na 840 kwa kipande. Duka linawapa 800. Kila kipande kilichotoka kiliondoka na shilingi 40 zenu, na kadiri mlivyouza sana ndivyo mlivyopoteza. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu, kwa kipimo sahihi, unafika 17,795, yaani 712 kwa kipande. Hapo mnabakiwa na 88, na jasho la wanafunzi bado halijahesabiwa.

Wanafunzi msiwape jibu. Wagawe katika vikundi vya watu watano, kila kikundi kikope 20,000 kutoka klabu na kuzirudisha, kisha wauze *kabla* ya kutengeneza: watoke na vipande vitatu vya sampuli, warudi na oda zilizoandikwa. Kikundi kimoja kitagundua kwamba kuuza moja kwa moja kwa 1,000 kunaleta 160 hata kwa nazi tupu. Kingine kitaona kwamba safari moja ikinunua vifaa vya mikupuo miwili, nauli inashuka kutoka 80 hadi 40 kwa kipande. Na waambieni sabuni ya nazi tupu hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi. Mwenye akili ataipeleka kwa wavuvi. Hasara ikitokea, ni ya 20,000, na ndiyo ada ya somo.

SWALI: Habari za kazi. Najitolea kuwafundisha kina mama wakaanga samaki karibu na soko la Deep Sea. Wengi hawakupata shule. Nikileta daftari wananyamaza. Nifanyeje? — *Msomaji wa Raskazone*

JIBU: Liache daftari nyumbani kwanza. Hawa hesabu wanaijua. Wanachokosa ni mahali pa kuiweka. Kila mama awe na vikopo vitatu vyenye vifuniko: cha mtaji, cha akiba, cha nyumbani. Tuseme ametoa ndoo ya samaki 40,000, mafuta 6,000, kuni 4,000, akauza 62,000. Kabla hajagusa chochote, 50,000 zinarudi kopo la mtaji. Zilizobaki 12,000 anazigawa mwenyewe, tuseme 2,000 akiba na 10,000 nyumbani. Fundishia palepale karaini, na si saa ambayo mashua zinaingia.

Baada ya wiki kopo la mtaji litapungua kwa wengine, na hapo ndipo darasa linapoanza. Pesa hupotea kwa njia tatu. Samaki walioliwa nyumbani: walipiwe kutoka kopo la nyumbani kama mteja mwingine. Walioenda kwa mkopo: kila 1,000 inayodaiwa iwe kokoto moja kwenye bakuli, na kokoto litoke siku deni linapolipwa, mama atauona mzigo wake kwa macho. Mwisho ni waliovunjika: mara nyingi samaki ametiwa karaini akiwa na maji, mafuta hayajapata moto, au amegeuzwa mapema. Hao waliovunjika nao wahesabiwe, kwa sababu bei yao ni tofauti.

Wakishazoea, leta karatasi yenye picha ya samaki, chupa ya mafuta na mzigo wa kuni, waweke mistari chini ya kila picha. Daftari litakuja lenyewe, na wengine watadai kufundishwa kuandika.

SWALI: Tunao vijana viziwi wanane Ngamiani wanaosuka mikoba ya mkonge. Wazazi wanataka waombe mkopo wa halmashauri mara moja. Mnashauri nini? — *Mlezi wa kikundi*

JIBU: Haki yao ipo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kitahitaji usajili, katiba na akaunti ya benki. Kwa mbinu za usukaji na ufungashaji ulizeni pia SIDO Tanga, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo.

Lakini mkopo usitangulie mauzo. Kwanza wauze mikoba kwa mtaji mdogo mara kadhaa, wajue mkoba mmoja unakula mkonge kiasi gani na saa ngapi. Unapofundisha, onyesha kwa mikono, *simama*, ndipo mkalimani wa lugha ya alama aeleze: jicho haliwezi kufuata mikono yako na yake kwa wakati mmoja. Kaeni duara, mwanga uangukie uso wa anayeongea. Sokoni, kila mkoba uwe na bei iliyoandikwa, na kikokotoo kiwe mezani kwa mapatano. Muuzaji awe kijana mwenyewe, si ndugu anayesikia.

Wakifika kwenye fomu ya mkopo, waombe kiasi cha kununua mkonge na rangi za oda walizo nazo mkononi, wala wasizidishe kwa ajili ya oda wanazozitumaini.