Mada ya Urais darasani: achana na insha ya "Ningekuwa Rais"

Mwalimu wa Mafinga, umeuliza ufanye nini na mada ya Urais zaidi ya kukaririsha majina kuanzia Nyerere hadi Samia, halafu insha ya "Ningekuwa Rais". Nafundisha Uraia huku Rungwe, na ile insha mimi siitoi kabisa. Kwa zoezi la kuandika haina shida. Kwa mada hii inapotosha: mtoto atajenga lami hadi kwao, atashusha bei ya mbolea, atawafukuza walimu wanaopiga fimbo, na hajiulizi hata mara moja kama hayo yote yako mikononi mwa Rais. Unaishia kusahihisha ahadi za kampeni.

Anza na kamba. Yoyote, hata ya kufungia mzigo wa viazi. Simamisha wanafunzi mbele, kila mmoja na karatasi kifuani: mwenyekiti wa kijiji, diwani, mkurugenzi wa halmashauri, mkuu wa wilaya (DC), mkuu wa mkoa (RC), mbunge, Spika, Waziri Mkuu, jaji, na Rais katikati. Darasa linaulizwa swali moja: huyu kawekwa na nani? Aliyeteuliwa na Rais anashikishwa kamba inayotoka kwa Rais. Aliyepigiwa kura anabaki mikono mitupu. Mkurugenzi ndiye huzua ubishi, maana wengi wanaamini anachaguliwa na madiwani kwa vile anakaa nao vikaoni. Waziri Mkuu anashika kamba mbili, moja ya Rais na nyingine ya Bunge, kwa sababu uteuzi wake lazima uthibitishwe na wabunge. Mbunge wanamwacha huru haraka haraka. Hapo usiseme kitu, mpaka atokee mmoja akumbuke kuwa kuna wabunge wasiozidi kumi wanaoteuliwa na Rais. Mwisho darasa linaona lenyewe kamba ngapi zinaishia mkono mmoja. Waache wajadili kama hilo ni jema au la, wewe kaa pembeni.

Baada ya hapo kadi za "kazi ya nani", kila moja na jukumu lake na wao wanataja mwenye nalo, haziwasumbui. Shimo kwenye barabara kuu ya Mbeya hadi Tunduma ni TANROADS, la barabara ya kijijini ni TARURA, kupitisha bajeti ni Bunge, kumsamehe mfungwa ni Rais. Kipindi kimoja kinatosha.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la Machi 2021. Vijana wengi wa sekondari walikuwa wadogo, wanakumbuka redio na vilio tu. Ubaoni naandika tarehe mbili: 17 Machi, Rais Magufuli anafariki, 19 Machi, Mama Samia anaapishwa. Kila kundi nalipatia nakala ya ibara ya 37 na ya 40 za Katiba ya 1977, natoa kurasa hizo tu steshenari. Swali la kwanza: kwa nini hatukuitisha uchaguzi? Wanaipata katika 37(5): Makamu anaapishwa kuwa Rais kwa muda uliobaki. La pili ndilo linalowatoa jasho: Rais aliyeingia kwa njia hiyo anaruhusiwa kugombea mara ngapi? Katiba inasema akishika kiti kwa muda usiofikia miaka mitatu anagombea mara mbili, ukifika mitatu au kuzidi ni mara moja tu. Sasa wapige hesabu wenyewe: muhula ulianza Novemba 2020, ni wa miaka mitano. Kuna wasioipenda Hisabati ambao siku hiyo ndio wanawahi ubaoni.

Sifa za mgombea (ibara ya 39) nazifundisha kwa watu wa kubuni. Mama wa Makambako mwenye miaka 38, raia wa kuzaliwa, mwanachama wa chama: hapiti, umri ni 40. Mzee wa Kyela wa miaka 60 asiye na chama: hapiti pia. Huyu mzee ndiye huwakera. Hapo nawaeleza habari ya Mchungaji Christopher Mtikila, aliyepigania mgombea binafsi hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, na mwaka 2013 mahakama hiyo ikaona Tanzania imevunja haki yake. Kisha nawaonyesha kuwa sharti la chama bado limo kwenye Katiba, na mabishano yanaanza upya.

Kuhusu hofu yako ya kuonekana unaleta siasa shuleni: weka sharti kwamba anayedai jambo asome ibara kwanza, na chama cha mtu hakitajwi kwa sifa wala kejeli. Mzazi akija kulalamika, mpe nakala ileile waliyosoma watoto. Na waruhusu wabishane kwa Kiswahili hata kama mtihani ni wa Kiingereza. Katiba yenyewe tunayo kwa Kiswahili, na mtoto anayehangaika na sarufi hawezi kumbana mwenzake kwa hoja. Maelezo ya Kiingereza wataandika kwenye daftari kipindi kinachofuata, wakiwa tayari wanajua wanachoandika.