Royal Assassin ya Robin Hobb: usisubiri vita, fuatilia nani anajua nini

Mkuu uliyeuliza kama uendelee na Royal Assassin au ukiweke kando kwa kuwa "kurasa zinakwenda na hakuna kinachotokea": endelea, ila badili namna unavyokisoma. Ambaye hajasoma kabisa aishie hapa, maana chini naharibu utamu bila huruma.

Riwaya hii ya kifantasia ilitoka 1996, ya pili katika trilojia ya Farseer, baada ya Assassin's Apprentice ya 1995. Wengi wanakiingia wakitaka kuona wavamizi wa Red Ships wakipigwa baharini. Mapigano yapo, Verity, mrithi wa kiti cha ufalme, anaunda meli, na Fitz, msimulizi, mjukuu haramu wa mfalme na muuaji wake wa siri, anapiga makasia na kushika shoka. Lakini hayo ni ya pembeni. Uzito wote uko ndani ya ngome ya Buckkeep, kwenye vyumba ambamo kila mtu anaficha kitu.

Tazama kinavyoanza. Fitz yuko milimani Jhaampe, mwili umeharibiwa na sumu, anatetemeka na kuanguka kifafa. Aliyemtilia ni Regal, baba yake mdogo. Anajua, na hawezi kumgusa. Hapo ndipo linapozuka swali la kila msomaji: si ni muuaji huyu, mbona asimmalize? Kwa sababu muuaji wa mfalme haui kwa uchungu wake, anaua akitumwa. Amekula kiapo kwa Mfalme Shrewd, na Regal ni mtoto wa Shrewd. Ukilikosa hilo utamwona Fitz mzembe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukilishika, kila sura ambayo "hakuna kinachotokea" inakuwa sura ya mtu anayekabwa polepole.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika majina saba: Shrewd, Verity, Kettricken (mke wa Verity), Burrich (msimamizi wa mazizi aliyemlea Fitz), Chade (aliyemfundisha uuaji), Molly, Nighteyes. Mbele ya kila jina weka anachojua kuhusu Fitz na anachofichwa. Burrich anajua kuhusu Wit, ule uwezo wa kuungana na wanyama kwa mawazo, na anauchukia kama najisi. Molly ndiye anayependwa, naye anafichwa mengi mno. Nighteyes, mbwamwitu aliyenunuliwa angali mtoto akiwa kwenye kizimba, ndiye pekee asiyeweza kudanganywa. Ndiyo maana kurasa zake zinapumua: huko msituni hakuna kiapo wala cheo, kuna njaa na windo. Hobb anazipachika pale ngome inapokaribia kumkaba msomaji.

Mfano mmoja wa namna anavyoumiza bila upanga. Fitz anakwenda kwa mfalme kuomba ruhusa amwoe Molly. Mzee yuko katikati ya maumivu na moshi wa dawa anazofukiziwa chumbani, siku nyingine hajitambui. Safari hii anajitambua vizuri, na hilo ndilo baya: anamwambia ameshamchagulia Celerity, binti wa Duke Brawndy wa Bearns. Hakuna ukatili hapo, ni hesabu ya kisiasa tu, mwana haramu anatumika kufunga urafiki na jimbo la pwani. Fitz anatoka akiwa na mchumba asiyemtaka na siri mpya ya kumficha Molly. Rudi kwenye karatasi yako uone ni mistari mingapi imebadilika kwa mazungumzo hayo mafupi.

Kettricken nisingependa umpite haraka. Kwao milimani mtawala huitwa Sacrifice, yaani aliyejitoa kwa ajili ya watu wake. Anapowaongoza watu kuwaua wale Forged, waliotekwa na wavamizi wakarudishwa bila utu, anahakikisha wanaagwa kwa heshima kama ndugu. Giza la kitabu hiki linafanya kazi kwa sababu kuna mtu kama huyo ndani yake.

Vile vipande vifupi vya historia mwanzoni mwa sura usiviruke. Baadhi vinaeleza Skill, uchawi wa akili wa ukoo wa kifalme, na Elderlings, viumbe wa hadithi za kale, na bila hivyo safari ya Verity ya kuwatafuta itaonekana ya kichaa.

Kasoro zipo. Regal ni mwovu wa moja kwa moja mno. Ukimlinganisha na Shrewd au Burrich, amechongwa kwa haraka. Justin na Serene, watumiaji wa Skill walio upande wake, nao ni vivuli vyake tu, hata pale wanapomnyonya mfalme nguvu kwa Skill hadi anakufa. Na katikati kuna marudio: Fitz na Molly wanagombana kwa sababu ileile zaidi ya inavyohitajika. Hapo soma kwa kasi, hutapoteza kitu.

Sura za mwisho, kinyume chake, soma taratibu. Kifo cha Fitz gerezani na namna Burrich na Chade wanavyomrudisha kutoka ndani ya Nighteyes, roho yake ilikokimbilia, vinategemea mambo madogo yaliyotajwa mapema kuhusu Wit. Ukimaliza, usikae muda mrefu kabla ya Assassin's Quest ya 1997. Inaanzia kwa Fitz aliyesahau kuishi kama mtu, kisha inaiacha ngome na kuingia safari ndefu. Karatasi yako usiitupe, kuna siri ya Molly ambayo Fitz mwenyewe bado haijui.