Kila nishati igeuze iwe uniti kabla hujatoa pesa

Miaka mitatu iliyopita nilimnunulia mama friji ndogo. Anaishi kijijini, nje ya Kilwa Masoko, ambako nguzo za umeme hazijafika, na alitaka kuuza barafu na juisi ya ubuyu. Dukani nikaambiwa, "Chukua betri ya mia, inatosha kabisa." Nikachukua betri ya mia, paneli moja ya jua na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Usiku wa kwanza, ilipofika saa nne, friji, TV na taa vikazimika kwa pamoja. Kesho yake hivyo hivyo. Barafu haikuganda, na pesa niliyoidunduliza miezi minane ilikuwa imeshakwenda.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuna aliyesema uongo. Betri ilikuwa ya mia kweli, lakini mia hiyo ni ampea-saa, yaani ukubwa wa mkondo wa umeme mara saa unazotiririka. Friji na TV vimeandikwa wati. Mimi kichwani nilikuwa na uniti, zile za LUKU, umeme wa kulipia kabla. Vipimo vitatu tofauti, na hakuna aliyekaa kuvigeuza viwe kimoja. Tangu hapo nimejiwekea sharti: chochote chenye nishati ndani yake, kiwe betri, gesi, mkaa au hita, nakigeuza kiwe uniti kwanza, ndipo naingiza mkono mfukoni. Nachagua uniti kwa sababu ndicho kipimo ambacho kila nyumba yenye mita tayari inakijua kwa uchungu wake.

Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka nusu saa bila kukatika imekula nusu uniti. Taa ya wati 10 itahitaji saa 100 kumaliza uniti hiyo hiyo. Hapa ndipo wengi wanapotelea: wati inakwambia kifaa kinakula kwa kasi gani, uniti inakwambia kimekula kiasi gani. Mtu akikwambia "kifaa hiki kinatumia wati 2,000", muulize kwa muda gani. Bila muda huna hesabu.

Kwa betri, zidisha ampea-saa kwa volti, kisha gawa kwa 1,000. Ile ya mama ilikuwa ya volti 12: 100 mara 12 ni 1,200, basi uniti 1.2. Lakini betri ya asidi ukiinyonya kupita nusu mara kwa mara inakufa mapema, na fundi alikuwa ameipanga inveta izime ikifika hapo. Zikabaki uniti 0.6. Friji ilikuwa inakula kama wati 50 kwa wastani, TV 80, taa nne jumla 40. Hizo ni 170, na inveta nayo ina chake, kwa hiyo zinakaribia 200. Uniti 0.6 kwa mwendo huo ni saa tatu. Jua likizama, wakianza kutumia saa moja, saa nne giza. Hesabu ya dakika mbili ilikuwa inajua saa kamili ya kuzimika, na mimi sikuifanya.

Jikoni kuna namba moja ya kushika kichwani: 3.6. Nishati ya gesi, mkaa na kuni hupimwa kwa megajouli, na megajouli 3.6 ndizo uniti moja. Jina la jouli linatokana na James Prescott Joule, Mwingereza wa upande wa Manchester, ambaye miaka ya 1840 aliangusha vitu vizito vikazungusha makasia ndani ya maji, akapima maji yalivyopata joto. Alichoonyesha ni kwamba kazi na joto ni nishati ile ile katika sura mbili. Bila hilo tusingekuwa na haki ya kulinganisha mkaa na umeme.

Kilo moja ya gesi ya kupikia ina takriban megajouli 46. Mtungi wa kilo 15, basi, una 690. Gawa kwa 3.6, unapata uniti karibu 192. Usifurahi bado, maana joto kubwa la jiko la gesi linapita pembeni ya sufuria. Mimi nahesabu nusu tu, uniti 96. Mkaa mkavu mzuri una takriban megajouli 29 kwa kilo, uniti 8, lakini hata kwenye jiko zuri la udongo ni kama robo tu inayoingia kwenye chungu: uniti 2. Jiko la presha la umeme halipotezi sana, nalihesabia asilimia 85.

Sasa weka bei. Nitatumia namba za mfano, wewe weka za mtaani kwako. Mtungi wa kilo 15 ukiwa shilingi 60,000, gawa kwa 96: shilingi 625 kwa kila uniti inayofika kwenye chakula. Mkaa wa shilingi 1,000 kwa kilo, gawa kwa 2: shilingi 500. Umeme wa shilingi 360 kwa uniti, gawa kwa 0.85: kama shilingi 424. Mimi niliyelelewa nikiambiwa umeme wa kupikia ni wa matajiri, nilirudia hesabu hii mara tatu. Kisha nikajaribu. Nikazima kila kitu nyumbani, nikaandika namba ya mita, nikachemsha nusu kilo ya maharage kwenye jiko la presha, nikasoma tena. Zilikuwa zimeondoka uniti 0.5. Fanya jaribio hili nyumbani kwako kabla hujaamini maneno ya mtu yeyote, yangu yakiwemo.

Maji ya kuoga nayo yanapimika. Lita moja ikipanda nyuzi moja ya joto inataka kilojouli 4.2. Ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi 40 ni 20 mara 15 mara 4.2, yaani kilojouli 1,260, au megajouli 1.26; gawa kwa 3.6, ni uniti 0.35. Bomba la mvua la umeme la wati 5,000 likiachwa wazi dakika kumi linakula uniti 0.83. Nyumba ya watu watano, tofauti hiyo kila siku inazidi uniti mbili.

Ukienda kununua kiyoyozi utakutana na BTU, kipimo kingine cha joto. Ile 12,000 ni joto linalotolewa chumbani kwa saa, sawa na kilowati 3.5, siyo umeme unaoliwa. Umeme soma kwenye kibandiko cha wati. Mara nyingi huwa karibu theluthi ya hapo. Na kwenye pakiti ya biskuti, "kalori" tunayoitaja kila siku ni kilokalori, kila moja kilojouli 4.184. Mtu anayekula kilokalori 2,000 kwa siku anaendeshwa na uniti 2.3. Nikimtazama mama akitwanga, akiteka maji na kulima kwa nishati hiyo tu, namheshimu zaidi.

Kwake nilirudi na daftari safari hii. Friji kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, uniti 0.6. TV saa tatu, 0.24. Taa saa nne, 0.16. Jumla 1.0, na ya inveta ikaifikisha karibu 1.2. Kwa kuwa betri inatoa nusu, nilihitaji yenye uniti 2.4, yaani betri mbili za mia. Paneli ya wati 300 nikaongeza ya pili, kwa sababu mbili zikipata saa tano za jua kali zinatoa uniti 3 kwenye karatasi, na kama 2.2 ukishatoa zinazopotea njiani. TV inazimwa saa nne, tumekubaliana. Barafu inaganda, na asubuhi watoto wa shule wanapanga foleni mlangoni.