Mayai ya chura na barafu ya usiku

Ndugu yangu, umeuliza kama uyahamishe mayai ya chura uliyoyakuta kidimbwini, kwa kuwa usiku uso wa maji umeganda barafu. Yaache palepale. Inama uyatazame kwa karibu: kila yai ni kitone cheusi katikati ya ute mzito unaong'aa. Ya juu yakigeuka meupe, hayo baridi imeyaua. Yaliyozama kwa kawaida husalimika. Jike mmoja wa chura wa kawaida wa Ulaya huweza kutaga zaidi ya mayai 1,000, kwa hiyo hayo machache yasikuvunje moyo.

Usimgawie jirani, hata akikuomba kwa upole. Maji na majani hubeba magonjwa ya vyura, na nadhani hilo ndilo kosa baya zaidi tunalofanya kwa nia njema. Samaki nao usiwatie, watakula viluwiluwi.

Ukiona mayai yamepangika kama shanga kwenye nyuzi ndefu zilizozunguka majani, hayo ni ya chura mwenye ngozi ya vinundu. Furahi tu. Ila panga mawe ukingoni, vichura wapate pa kupandia watakapotoka majini.